LO-DEBARI: MAHALI PASIPO NA KITU
Somo: 2 Samweli 9:1-13, 17:27-29

Wapendwa, kwa Kiebrania "lo" ni hapana. "Debari" hufasiriwa kitu, neno au malisho. Yaani, Pasipo na Kitu. Huko ndiko alikoishi Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, mlemavu wa miguu yote miwili, nyumbani kwa Makiri, hadi Daudi alipomwita mezani pake.

Wengi wetu hufunga Biblia hapo. Hebu fungua sura ya 17. Daudi anamkimbia Absalomu, watu wake wana njaa. Kati ya watatu waliomletea vitanda, ngano na asali, mmoja ni Makiri wa Lo-debari!

Mpendwa, usiangalie salio la M-Pesa ukasema huna kitu. Nyumba iliyomtunza mlemavu ndiyo ilimlisha mfalme.

Tafakari: Nani anakula kwako ambaye hawezi kukulipa?