Mashine na Zile Saa 156



MJOMBA: Vuta kigoda. Najua umekuja kwa lile la figo.

MPWA: Ndiyo, mjomba. Jumamosi kuna kikao cha ukoo kuhusu mgonjwa wetu, nami nimetumwa nikuulize kwa kuwa wewe ulikuwa tabibu. Hapa Mamboya, kuanzia gulioni mpaka uani kwa kanisa, wanasema jambo moja: mgonjwa wa figo akishawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, hana muda. Mashine inammaliza. Wengine wanasema afadhali abaki nyumbani atumie mitishamba.

MJOMBA: Hilo neno lina miguu kuliko bodaboda. Linasemwa Gairo, linasemwa Dumila, linasemwa Kilosa mjini, na wanaolisema wengine wana vyeti vya chuo. Akikwambia mtu hivyo, muulize maswali mawili tu. Hao waliokufa walifika kwenye mashine wakiwa na hali gani? Na baada ya kufika, walisafishwa mara ngapi kwa wiki? Utaona anaanza kutazama pembeni. Unaona mtu amekuja mbio na ndoo ya maji wakati paa limeshaanguka, halafu unamshtaki kwamba ndiye aliyechoma nyumba.

MPWA: Lakini mjomba, wanakufa kweli. Si uzushi.

MJOMBA: Nani kasema ni uzushi? Tena nitakupa ushahidi mkali kuliko wa gulioni. Mwaka 2017 jarida la Lancet Global Health lilichapisha mapitio ya tafiti nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, yaliyoongozwa na daktari wa Kameruni, Gloria Ashuntantang. Katika watu wazima walioanza kusafishwa damu na kufuatiliwa tangu mwanzo, asilimia 88 walikufa au ilidhaniwa wamekufa. Watu wako wa gulioni wangeishia hapo wapige makofi. Sasa soma mstari wa pili: kati ya wale ambao hawakuipata mashine kabisa, asilimia 96. Na wa tatu: wale waliokutwa tayari wako kwenye matibabu, wanaendelea nayo, asilimia 16. Halafu kuna mstari ambao hakuna anayeusoma: katika lile kundi la waanzaji, asilimia 84 ya waliofuatiliwa kwa jambo hilo waliacha kusafishwa. Waliacha, mpwa wangu. Mtu ameacha dawa, amekufa, na lawama inapewa dawa.

MPWA: Ila hao wa asilimia 16 si ndio wenye nguvu waliobaki baada ya wanyonge kufa? Huwezi kuwalinganisha na waanzaji.

MJOMBA: Hapo umeuliza la maana, na sikulitegemea kwako. Ni kweli, kundi hilo limeshachujwa: dhaifu wameondoka mapema, na waliobaki wengi wana bima au ndugu wenye uwezo. Kwa hiyo tofauti ya 88 na 16 usiisome yote kuwa kazi ya mashine. Lakini angalia hoja yako inakupeleka wapi. Kama mashine yenyewe ndiyo sumu, aliyewekwa mara mia tatu angekuwa na hali mbaya kuliko aliyewekwa mara tano. Mambo yako kinyume. Huko Seattle, Marekani, Clyde Shields alianza kusafishwa damu mwaka 1960 chini ya Dokta Belding Scribner, figo zake zikiwa zimekufa kabisa, akaishi hadi 1971. Miaka 11 ya mashine za kale, ambazo leo zingewekwa makumbusho.

MPWA: Basi nini kinachowaua?

MJOMBA: Sikiliza hesabu hii, na Jumamosi uianzie hapo hapo. Wiki ina saa 168. Figo nzima hufanya kazi saa zote 168, usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Mgonjwa anayesafishwa inavyotakiwa, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, anapata saa 12. Zinabaki saa 156 ambazo mwili uko peke yake, na kila kilicholiwa na kunywewa kinabaki ndani kikingoja. Mgonjwa wa mashine huwa mashakani zaidi katika saa zile 156 kuliko anapokuwa kitandani na mashine pembeni yake. Sasa mkatie safari moja kwa sababu ya nauli: anabaki na saa nane. Mkatie mbili: nne. Halafu ndugu wanasema mashine haikumsaidia!

MPWA: Kinachongoja humo ndani ni nini? Uchafu?

MJOMBA: Uchafu, uchafu! Kila mtu anasema uchafu kana kwamba figo ni choo. Uchafu wa protini unachosha na kutapisha, lakini mara nyingi si huo unaomwangusha mtu ghafla. Wauaji wa haraka ni wawili: potasiamu na maji. Potasiamu imo karibu katika kila kilicho shambani kwetu: ndizi, maharage, viazi, mbaazi, nyanya, mchicha, machungwa. Mwilini karibu yote hukaa ndani ya seli. Kidogo tu ndiyo inayozunguka kwenye damu, na hicho kidogo ndicho kinachosaidia kuongoza umeme wa moyo. Kawaida kipimo chake ni kati ya 3.5 na 5. Figo ikifa, njia kuu ya kuitoa imeziba. Kinapanda taratibu, saa baada ya saa, katika zile saa 156, na kikipita 6.5 moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo na kusimama. Wala si lazima mtu aumwe kwanza. Anaweza kuwa amekaa anapiga soga. Ndugu wanakumbuka tu kwamba juzi alikuwa kwenye mashine.

MPWA: Mbona yule wa jirani alikunywa sana maji ya dafu, na wanasema dafu linasafisha figo?

MJOMBA: Dafu! Dafu limejaa potasiamu. Kwa mwenye figo nzima ni kinywaji kizuri. Kwa asiyekojoa ni kumwongezea moyo mzigo ule ule ambao mashine inahangaika kuutoa. Na supu ya mitishamba usiyojua ina nini ni hivyo hivyo: aliyeichemsha hajui kipimo cha potasiamu ya mgonjwa wala hajali. Sisemi asile. Viazi vikimenywa, vikakatwa vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, sehemu kubwa ya potasiamu huondoka nayo. Jambo dogo la jikoni, bure kabisa, lakini mwambie shangazi yako amwage maji ya viazi uone atakavyokuita mharibifu. Maji nayo ni hivyo hivyo. Akila chumvi atapata kiu, akipata kiu atakunywa, asipokojoa maji yanakaa miguuni, kisha kwenye mapafu, anaanza kulala ameketi. Siku akifika hospitali amebeba lita nne au tano, mashine italazimika kuzitoa kwa saa chache, presha inashuka, anatoka anayumba. Nanyi mnasema: mmeona inavyomnyong'onyeza?

MPWA: Kumbe kuyumba kunatokana na maji aliyokwenda nayo.

MJOMBA: Mara nyingi, ndiyo. Na usidhani ni maneno ya mzee wa Ukaguru. Mwaka 2011 Wamarekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 32,000 wanaosafishwa mara tatu kwa wiki. Ratiba hiyo ina mapumziko ya siku moja moja, na mara moja kwa wiki mapumziko marefu ya siku mbili. Siku inayofuata yale marefu, vifo vilikuwa kwa kiwango cha 22 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Siku nyingine, 18. Watu wale wale, mashine zile zile. Kilichozidi ni siku moja tu ya kukaa bila mashine. Mashine ingekuwa ndiyo inayoua, pumziko refu lingewafaidi. Sasa wewe fikiria pumziko la wiki nzima, kwa kungoja mahindi yauzwe.

MPWA: Naelewa. Ila wapo waliokufa ndani ya wiki mbili, hawakukosa hata siku moja.

MJOMBA: Hao ni wa kuchelewa, na kuchelewa kuna adhabu ambayo watu hawaijui. Anayejulikana mapema hutengenezewa njia ya damu mkononi. Tangu 1966 madaktari wanajua kuuunganisha mshipa unaotoka moyoni na ule unaorudi, hapa penye kifundo cha mkono. Ule unaorudi unanenepa, unakuwa na ukuta mgumu; ukiweka kidole juu ya ngozi unasikia mtetemo wa damu ikipita. Ila njia hiyo hukomaa kwa wiki sita au zaidi. Aliyekaa nyumbani akitumia mitishamba mpaka pumzi ikakata hana wiki sita. Anawekewa mpira shingoni, ncha yake karibu na moyo, na tundu linabaki wazi kwenye ngozi. Vijidudu vikipita hapo vinaingia moja kwa moja kwenye damu. Yaani ile hofu ya mashine ndiyo inayomfikisha kwa mlango wa hatari, anakufa kwa maambukizi, na kifo chake kinawatisha wengine nao wachelewe.

MPWA: Wanasema pia ukianza huachi mpaka kufa.

MJOMBA: Ambaye figo zimekufa kabisa, haachi mpaka apandikizwe figo nyingine, na upandikizaji huo unafanyika hapa hapa nchini, Muhimbili tangu 2017 na Benjamin Mkapa pale Dodoma tangu 2018. Lakini kuna ambaye figo zimezimia tu, kwa malaria kali, kuharisha, au kutoka damu wakati wa kujifungua. Huyo anaweza kusafishwa siku kadhaa, figo zikaamka, akaenda zake. Willem Kolff, Mholanzi aliyetengeneza mashine yake wakati wa vita ya pili ya dunia, alipoteza karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo, maana aliletewa watu walio mahututi. Mwaka 1945 akampata bibi wa miaka 67, Sofia Schafstadt, aliyekuwa amepoteza fahamu. Alizinduka, figo zake zikarudi, akaishi miaka kadhaa mingine. Kolff angeyasikiliza maneno ya gulioni kwenu, angeivunja ile mashine akapikia kuni zake.

MPWA: Mjomba, hayo yote sawa. Lakini hela hakuna. Nauli ya kwenda kwenye mashine Dodoma mara tatu kwa wiki, mahali pa kulala, na gharama yenyewe.

MJOMBA: Haya, sasa tuseme ukweli. Hela hakuna, na hilo nakubaliana nawe asilimia mia. Lakini basi semeni hivyo! Simameni kwenye kikao mseme: tumeshindwa gharama. Mkisema mashine inaua, hakuna wa kudaiwa kitu. Mmeweka kifo mikononi mwa chuma, mmekunja mikono. Mkisema umaskini unaua, mtauliza bima iko wapi, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itatufikisha wapi sisi wa vijijini. Tena sisi tuna michango. Ukoo huu huu uliunda kamati ya harusi na watu wakagombania ukumbi na rangi ya vitambaa. Akifa mtu, jeneza na chakula cha waombolezaji vinapatikana kwa siku moja. Na sisi Wakaguru, ambao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba akikaa kimya kikaoni wa kusema atakuwa nani?

MPWA: Kwa hiyo Jumamosi utakuja mwenyewe?

MJOMBA: Nitakuja, na sitaki hotuba ndefu. Kwanza tujue kama figo zimekufa au zimezimia. Hilo ni la daktari, si la kikao. Pili tuangalie nani Dodoma ana chumba cha kumpa, maana safari ya kutoka huku mara tatu kwa wiki hawezi. Tatu, kila mwenye presha au sukari kwenye ukoo huu apime mkojo na kreatinini, kipimo cha figo kwenye damu, mwezi huu, Berega au Kilosa, popote. Huyo mgonjwa wetu anatumia mkono gani?

MPWA: Wa kulia.

MJOMBA: Basi kuanzia leo mkono wa kushoto usichomwe sindano wala usitundikiwe dripu, na waambie wa zahanati watoe damu mgongoni mwa kiganja cha kulia. Mishipa hiyo ya kushoto ataihitaji.