Dondoo muhimu: Kumsomea hadithi mtoto anayeongea kwa kifaa

Baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo au usonji huongea kwa kugusa picha kwenye ubao au tableti, na hadithi ikianza wanahitaji nafasi ya kuchangia.

1. Kabla ya kufungua kitabu, weka kifaa mahali mkono wa mtoto unapofika. Chaji mapema; umeme ukikatika, ubao wa picha wa karatasi utaokoa jahazi.

2. Chagua hadithi yenye maneno yanayojirudia. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, hutoa hadithi za Kiswahili bure.

3. Anza wewe. Ukisoma "Fisi anataka nyama", gusa "taka" kwenye kifaa huku ukitamka, kisha endelea. Usidai arudie.

4. Kosa kubwa ni kugeuza hadithi kuwa mtihani: "Simba yuko wapi? Hii rangi gani?" Mtoto huchoka upesi. Sema tu, "Lo, kaanguka!" halafu nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kimya hicho huwatesa wazazi kuliko watoto.

5. Usimshike kidole kumwongoza.

6. Zoesha "tena", "nani", "fungua" na "sitaki" zaidi kuliko majina ya wanyama. Maneno hayo hutumika karibu katika kila kitabu.

7. Akigusa "maji" katikati ya hadithi ya sungura, mjibu. Huenda ana kiu.

8. Hamna tableti? Kitufe kimoja cha kurekodi sauti kinatosha kuanzia: rekodi kibwagizo cha hadithi, naye akibonyeze zamu yake ikifika.