Kusafisha Injini ya Gari Nyumbani: Somo la Mvuke, Joto na Sabuni

Katika miezi ya kiangazi, tangu Mei hadi Oktoba, gari litembealo baina ya Makanyagio na vijiji vya pembezoni mwa mji wa Mpanda hurudi na vumbi jekundu hadi chini ya boneti. Vumbi peke yake halina madhara makubwa. Likutanapo na oili inayovuja kidogo kidogo kwenye maungio ya injini ndipo hugeuka utando mnene mfano wa lami. Utando huo huzuia joto lisitoke hewani, huficha mahali panapovuja, tena huwa kama kuni zilizokwisha kupangwa juu ya chombo cha moto.

Hivyo kusafisha ni jambo la lazima. Tatizo ni namna tusafishavyo. Likizo moja nilimkuta kijana wa jirani yangu hapo Makanyagio ameinama juu ya injini iliyozimwa punde tu, brashi mkononi na kopo la petroli miguuni. Hatua chache nyuma yake, mama yake alikuwa akipepea jiko la mkaa. Nilimwomba aliondoe kopo kwanza, mazungumzo yafuate.

"Shikamoo mwalimu," alisema kwa mshangao. "Mbona mafundi wengi hutumia petroli? Inatoa uchafu mara moja."

Alisema kweli. Grisi na petroli ni jamaa wa ukoo mmoja wa kikemia, zote zikiwa zimeundwa kwa hidrojeni na kaboni, na vitu vya asili moja huyeyushana kwa urahisi. Lakini kijana alikuwa akiutazama uowevu ulio koponi, ilhali kinachowaka ni mvuke. Kila mafuta yana halijoto yake ya mmweko, yaani kiwango cha chini kabisa ambacho hutoa mvuke wa kutosha kuwaka yakiguswa na cheche. Kwa petroli kiwango hicho kiko karibu nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hakuna asubuhi ya Mpanda, hata iwe ya baridi namna gani, ambayo petroli iliyo wazi haitoi mvuke wa kuwaka.

Tufanye hesabu. Robo lita ya petroli, kiasi cha kikombe kimoja, ikigeuka yote kuwa mvuke hutoa takriban lita 40. Mvuke huo huweza kuwaka ukifikia sehemu 1.4 tu katika kila sehemu 100 za hewa. Kwa hiyo kikombe kimoja chatosha kuiharibu hewa ya mita za ujazo zipatazo 3. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupai juu ukapotea, bali hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, hata ulifikie jiko la mkaa.

Wapo wasemao, "Basi tutumie mafuta ya taa." Hapa yapasa mwanafunzi awe mwangalifu. Ni kweli kwamba halijoto ya mmweko ya mafuta ya taa ni ya juu zaidi, nyuzi 38 au kupita. Hata hivyo, mafuta yana kipimo cha pili: halijoto ya kujiwasha yenyewe bila cheche yoyote. Kwa mafuta ya taa ni nyuzi 210 hivi, kwa petroli ni 250 au zaidi. Kwa kipimo hiki mafuta ya taa ndiyo yanayotangulia kuwaka! Bomba la kutolea moshi, pale liunganapo na injini, huweza kupita nyuzi 400 gari likifanya kazi nzito. Ukimwaga mafuta ya taa juu yake lingali na moto huo, huhitaji kiberiti.

Kifaa cha salama ni sabuni ya unga iliyoyeyushwa katika maji ya vuguvugu. Molekuli ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Mikia huzama ndani ya tone la grisi, vichwa hubaki nje, na tone hilo lililozingirwa huchukuliwa na maji. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko petroli, nami sioni aibu kulikiri hilo.

Kesho yake tulianza alfajiri, injini ikiwa imepoa usiku kucha. Chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi husinyaa upande mmoja kabla ya mwingine, na huweza kupasuka. Kifuniko cha rejeta hakiguswi kingali cha moto: ndani yake maji yako chini ya kanieneo kubwa na huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, ilhali huku Mpanda, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukikifungua, maji hayo huchemka ghafla na kukurukia usoni.

Kisha betri. Ncha hasi hufunguliwa kwanza, kwa kuwa katika magari mengi bodi nzima imeungwa nayo. Ukianza na ncha chanya, spana ikagusa bodi, mkondo mkubwa hupita na cheche huruka, nayo betri hutoa hidrojeni. Wakati wa kurudisha, hasi huwa ya mwisho. Kukata betri huzuia pia feni ya umeme, ambayo katika baadhi ya magari huweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Tulifagia majani na vumbi kavu kwa brashi. Tukafunika altaneta, kisanduku cha fyuzi, koili na mdomo wa kichujio cha hewa kwa vipande vya nailoni. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, hivyo tulitumia karatasi nzito za nailoni za vifungashio.) Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida, lakini yenye sabuni na chumvi huupitisha vizuri. Tulipaka povu, tukasugua kwa mswaki wa zamani, tukasuuza kwa kopo na kitambaa. Hosi yenye nguvu siipendi: husukuma maji yapite kwenye mpira uzuiao maji. Baada ya kuondoa nailoni zote tuliacha boneti wazi mpaka jua likawa kali. Hapo ndipo tulipoiona oili mpya ikichuruzika chini ya kifuniko cha vali, mahali ambapo utando ulikuwa umepaficha.

Iwapo moto utazuka, usimwage maji. Petroli huelea juu yake na kusambaa pamoja nayo. Tumia mchanga au kizimamoto cha unga.

Maji machafu tuliyakinga kwa beseni na vumbi la mbao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kumwaga mafuta katika maji au ardhini, na visima vya majirani haviko mbali. Wanafunzi na wafanye hesabu hii. Mwaka 1774 Benjamin Franklin aliiarifu Royal Society ya London kwamba kijiko kimoja cha mafuta kilitandaa juu ya bwawa la Clapham hadi kufunika nusu eka. Chukua kijiko kuwa mililita 2 na nusu eka kuwa mita za mraba 2,000: utando ulikuwa na unene gani? Oili ya injini hutandaa kwa unene mkubwa zaidi, ndiyo maana huonyesha rangi za upinde wa mvua. Kwa kukumbuka kichwa na mkia wa molekuli ya sabuni, eleza kwa nini mafuta ya mimea hutandaa vizuri zaidi kuliko oili hiyo.