Maji ya Mashine ya Moyo: Mambo ya Kujua kwa Mgonjwa na Familia

Mtoto akiumwa koo, wengi hulichukulia jambo dogo. Lakini koo lililoambukizwa bakteria aina ya streptokoka lisipotibiwa linaweza kuleta homa ya rumatiki, na homa hiyo ikirudi mara kwa mara, vali za moyo hukakamaa au huvuja. Ugonjwa huu hupenda penye msongamano na uhaba wa matibabu. Kwa hiyo unazihusu familia za Mantapala, makazi yaliyofunguliwa nchini Zambia mwaka 2018 kwa wakimbizi kutoka Kongo, sawa na wenyeji wa Nchelenge na Kashikishi. Vali ikiharibika sana, safari ni ya Lusaka, iliko Hospitali ya Taifa ya Moyo.

Baada ya upasuaji wa vali, jambo moja huwatisha ndugu: mgonjwa aliyeingia mwembamba hutoka amevimba uso, mikono na miguu.

Mashine inafanya nini

Ili daktari atengeneze vali, moyo husimamishwa. Damu hupitia kwenye mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu: huitia oksijeni, kisha huisukuma kurudi mwilini. Daktari John Gibbon aliitumia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza huko Philadelphia, Marekani, tarehe 6 Mei 1953.

Mirija yake haiwezi kuanza kazi ikiwa na hewa, kwa sababu povu la hewa likifika kwenye ubongo linaweza kuua. Basi kabla mgonjwa hajaunganishwa, mtaalamu huijaza maji ya dripu, huku akiigongagonga mpaka vipovu vyote vipande juu na kutoka. Kwa mtu mzima hutumika takriban lita 1.5 hadi 2. Maji hayo huingia kwenye damu, nayo huwa nyepesi kama mchuzi ulioongezwa maji. Mtoto mchanga ana damu kidogo sana, hivyo mara nyingi mashine hujazwa pamoja na damu iliyochangiwa.

Kwa nini mwili huvimba

Damu inapogusa plastiki ya mashine, mwili hudhani umevamiwa. Chembe nyeupe na protini za kinga huamka zote kwa pamoja, na mishipa midogo huanza kupitisha maji kwenda kwenye nyama. Huo ndio mchochota. Ukijumlisha na maji ya mashine, uvimbe hutokea hata pale upasuaji ulipokwenda vizuri, na kwa kawaida hupungua siku kwa siku figo zinapotoa mkojo.

Maji yapi ni bora

Madaktari wameshindanisha maji ya chumvi ya aina ya Ringer na albumini, protini ya bei ghali inayotolewa kwenye damu ya wachangiaji. Utafiti wa Helsinki, Finland, uliochapishwa mwaka 2022 kwa wagonjwa 1,386, haukuona albumini ikipunguza madhara makubwa. Maji yenye wanga yamehusishwa na madhara ya figo, na mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulisimamisha matumizi yake. Hata dawa za steroidi za kutuliza mchochota, zilizojaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 7,500 katika utafiti wa mwaka 2015, hazikupunguza vifo.

Kwa hiyo mgonjwa aliyewekewa Ringer hakupewa tiba ya kimaskini.

Familia ifanye nini

Kabla ya upasuaji, ndugu waulize kama damu itahitajika na nani anaweza kuchangia. Siku ya kuruhusiwa, waombe uzito wa mgonjwa uandikwe kwenye barua ya hospitali.

Nyumbani, mgonjwa apimwe uzito mara kwa mara, asubuhi. Ndugu abonyeze kidole gumba juu ya mfupa wa muundi: shimo likibaki, maji bado yapo. Uzito ukipanda haraka, pumzi ikibana akilala, homa ikija au kidonda kikitoa usaha, apelekwe kliniki siku hiyohiyo pamoja na barua yake. Mgonjwa wa rumatiki aendelee na sindano za penisilini kila wiki 3 hadi 4, kama daktari alivyoagiza, hata akijisikia mzima.