Saratani ya mlango wa kizazi: nenda kupima kabla hujaumwa

Anayesubiri dalili ndipo akapime saratani hii, amechelewa kwa miaka. Virusi vya HPV, vinavyoisababisha, huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi huvipata wakati fulani maishani. Mara nyingi kinga ya mwili huviondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili, mwenyewe asijue kitu. Shida ni vinapong'ang'ania, hasa aina ya 16 na ya 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Protini zake mbili, E6 na E7, hulemaza walinzi wa seli, wale wanaoizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Kutoka hapo hadi saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, huenda ikawa 5 hadi 10. Miaka hiyo yote huumwi popote. Ndiyo ya kuitumia kupima.

Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza kupima ukifika miaka 30, au 25 ukiwa unaishi na VVU. Ulizia kliniki ya uzazi wa mpango, au kliniki ya VVU (CTC) unakochukulia dawa. Chagua siku usiyokuwa hedhini. Siku mbili kabla, acha tendo la ndoa, usiweke dawa ukeni wala kujiosha kwa ndani. Ukiona haya kuhudumiwa na mwanamume, omba nesi wa kike; hakuna ubaya kuomba.

Kwa kipimo cha siki, mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Kipo pia kipimo cha vinasaba vya virusi, ambacho sampuli yake unaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti chenye pamba.

Ukiambiwa una virusi, hujaambiwa una saratani. Wala majibu hayo hayathibitishi kuwa mwenzako ametoka nje ya ndoa, kwani virusi huweza kunyamaza mwilini miaka mingi. Tafadhali, msigombane kwa ajili ya karatasi ile ya majibu. Uliza: kuna mabadiliko ya awali ya seli? Yanatibiwa hapa, leo? Mara nyingi huunguzwa kwa kifaa cha joto, ukarudi nyumbani siku hiyohiyo. Shika tarehe ya marudio.

Binti naye apate chanjo ya HPV kabla hajaanza kujamiiana, maana haiondoi maambukizi yaliyokwisha kuingia. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Aliyechanjwa naye akikua apime.

Na ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, kati ya hedhi na hedhi, au baada ya kukoma hedhi, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali wiki hii, na umweleze daktari waziwazi damu hiyo hutoka wakati gani.