Domodomo, Samaki Atafutaye Njia Gizani

Mwezi huu twataka kujifunza habari za samaki wa maji matamu ambaye wavuvi wa Ziwa Victoria humwita domodomo. Wataalamu humwita Mormyrus kannume. Yumo katika mto Nile na maziwa yake. Pua yake ni ndefu, yapinda chini kama mkonga wa tembo, na kinywa kidogo ki nchani. Aliyekomaa sana aweza kufika urefu wa mita 1.

1. Desturi zake. Mchana hujificha penye mawe. Usiku hutoka kuchokora matope atafute mabuu ya wadudu. Je, awaonaje gizani?

2. Umeme wake. Karibu na mkia anacho kiungo kitoacho umeme haba, hata mtu amshikaye hasikii kitu. Umeme huo humzunguka majini. Ukikuta jiwe hupindika namna moja, ukikuta kiumbe hai hupindika namna nyingine, na ngozi yake huitambua tofauti hiyo. Tena kwa umeme huo samaki wa jamii hii hutambuana wao kwa wao. Mwaka 1951 mtaalamu H. W. Lissmann alitangaza habari za umeme kama huu katika Gymnarchus niloticus, jamaa wa domodomo.

3. Sifa yake ya kale. Wamisri wa kale walimheshimu mno. Mji wao mmoja Wayunani waliuita Oxyrhynchus, yaani pua iliyochongoka, kwa ajili ya samaki wa jamii hii. Tangu majira ya 1896 na 1897, Grenfell na Hunt, Waingereza, walichimba jaa za mji huo, wakapata maandiko mengi ya mafunjo, na kati yake kipande cha Injili ya Mathayo, mlango wa 1.

4. Hatari yake. Katika Ziwa Victoria samaki wa jamii hii wamepungua. Nyavu za macho madogo huwatwaa kabla hawajazaa, na sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, hula samaki wengine. Basi tusiseme ziwa halimaliziki. Mvuvi amwachaye mchanga leo, amwekea mwanawe akiba.

Maswali kwa walimu: Domodomo hutambuaje jiwe na kiumbe hai? Kwa nini wavu wa macho madogo huleta hasara?