Moteri Inayokula Mafuta: Somo kwa Wapelekao Mavuno Kolwezi kwa Kamioni

Watu wengi wa vijiji vya Lualaba hupeleka mahindi, mihogo na makala Kolwezi kwa kamioni. Wengine hukodi kamioni, na wengine wamechanga fedha kikundi kizima wakanunua moja iliyokwisha tumika. Moteri ikiwa nzima, mavuno hufika sokoni na faida hurudi nyumbani. Moteri ikiwa mgonjwa, faida huungua njiani ikawa moshi tu.

Ugonjwa tutakaousoma leo una dalili mbili. Dalili ya kwanza: mafuta ya moteri hupungua upesi, na kila safari sharti kuongeza. Dalili ya pili: mazuti au esansi iliyotosha kwenda na kurudi zamani, sasa haitoshi. Zikionekana hizi, mara nyingi watu humshika dereva wakasema, "Wewe unauza mazuti yetu." Pengine ni kweli, lakini pengine mwizi ni moteri yenyewe. Basi jifunzeni kumjua mwizi kabla ya kugombana.

1. Pima kwanza, laumu baadaye

Simamisha kamioni mahali palipo sawa, zima moteri, ngoja dakika 10 ili mafuta yashuke chini. Chomoa fimbo ya kupimia, ifute kwa kitambaa safi, irudishe mpaka mwisho, uichomoe tena. Andika katika daftari mafuta yalipofika, na kilometa zilizoandikwa katika saa ya kamioni. Baada ya kilometa 100 pima tena vivyo hivyo.

Kwa mazuti, jaza tangi mpaka juu, wenye mali wakitazama. Nenda safari yako, kisha jaza tena mpaka pale pale. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Fanya hivyo mara tatu kwa mzigo ulio sawa na njia ile ile. Dereva mwaminifu atapenda daftari hili, maana ndilo shahidi wake.

2. Je, yanamwagika au yanaungua?

Mafuta ya moteri hupotea kwa njia mbili: humwagika nje au huungua ndani.

Usiku tandika gunia jeupe au karatasi ngumu chini ya moteri. Asubuhi tazama. Ukiona matone, tafuta yanakotoka: panapoungana vyuma viwili, penye chujio la mafuta, penye parafujo ya kumwagia mafuta, au mwisho wa mtaimbo wa moteri karibu na klachi. Futa moteri vizuri kabla ya kutafuta, maana upepo husukuma mafuta nyuma, na mahali palipolowa si lazima pawe ndipo panapovuja.

Tazama pia bomba la kupumulia la moteri. Bomba hilo likiziba kwa uchafu, pumzi ya ndani hukosa njia, ikasukuma mafuta kupita kila penye udhaifu. Kulisafisha ni kazi ndogo, na pengine ndiyo dawa yote.

Ukiona mafuta yamekuwa meupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Usiwashe moteri tena mpaka fundi aitazame. Na kama mafuta yanapanda badala ya kushuka, tena yana harufu ya mazuti au esansi, usifurahi. Hayo yamechanganyika, yamekuwa mepesi, wala hayawezi kulinda vyuma.

3. Soma moshi

Moshi wa buluu: mafuta ya moteri yanaungua. Ukitoka asubuhi moteri inapowaka, kisha ukaisha, shaka iko katika supapu, ambapo mafuta yalidondoka usiku. Ukizidi kamioni inapopanda mlima na mzigo, shaka iko katika pete za pistoni.

Moshi mweusi: mazuti ni mengi kuliko hewa. Tazama chujio la hewa, kisha vinyunyizio vya mazuti. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Basi chujio likiziba kidogo tu, moteri huona dhiki upesi.

Moshi mweupe usiokwisha hata moteri ikipata moto: huenda ni maji yanayoingia ndani, au mazuti yasiyoungua.

Jaribu na hili: moteri ikiwaka polepole, fungua kwa uangalifu kifuniko cha kutilia mafuta. Ikiwa moshi unatoka kwa nguvu, kama mtu apuliza moto, pete zimelika. Fundi mwenye kipimo cha nguvu ya hewa atathibitisha. Katika moteri ya esansi hupima, kisha hutia mafuta kijiko kimoja katika silinda na kupima tena. Nguvu ikipanda, pete ndizo zilizolika. Isipopanda, ubaya uko kwenye supapu.

4. Vumbi ndilo asili

Kwa nini dalili zote mbili huja pamoja? Pete za pistoni zina kazi mbili: kuzuia mafuta yasipande, na kuzuia nguvu ya moto isishuke. Zikilika, mafuta hupanda yakaungua, na nguvu hushuka ikapotea. Dereva hukanyaga zaidi apate mwendo ule ule, na mazuti huongezeka.

Kinachozila ni vumbi. Tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9 mvua hakuna, na magari makubwa ya migodi husaga udongo mwekundu wa barabara ukawa kama unga. Ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma. Zikiingia moteri, hufanya kazi ya tupa mchana kutwa.

Kwa hiyo wakati wa kiangazi tazama chujio la hewa kila juma. La karatasi usilioshe kwa maji wala usilipigepige kwa chuma; likichakaa, nunua jipya. Lenye bakuli la mafuta, mwaga mafuta machafu, osha bakuli, tia mapya mpaka penye alama. Kisha pitisha mkono kwenye mpira utokao katika chujio kwenda katika moteri. Ufa mmoja hapo hulifanya chujio kuwa bure, sawasawa na mwenye kufunga mlango akaacha dirisha wazi. Usiposhughulikia ufa wa mpira leo, utanunua pistoni kesho.

5. Moteri nzima, mazuti yapotea

Kama mafuta ya moteri hayapungui lakini mazuti huisha, tazama haya kabla ya kufungua moteri: matairi yasiyo na upepo wa kutosha, breki zinazoshika wakati wote (baada ya mwendo sogeza mkono karibu na kila gurudumu, lililo moto sana ndilo lenye kosa), klachi inayoteleza, bomba la mazuti linalovuja, na magunia kupita kiasi.

6. Hesabu ya hasara

Tuseme kamioni ilikuwa ikitumia lita 30 kwa kilometa 100, na sasa inatumia 36. Safari ni kilometa 200 kwenda na kurudi. Katika safari 10, yaani kilometa 2,000, umepoteza lita 120. Ikiwa inakula na lita moja ya mafuta ya moteri kila kilometa 200, hizo ni lita 10 zaidi. Zidisha kwa bei ya leo mahali pako, kisha tazama ni magunia mangapi ya mahindi. Hapo kikundi kitajua kama yafaa kutengeneza sasa au kungoja.

Usijidanganye kwa kutia mafuta yaliyokwisha tumika kwa sababu ni rahisi. Yamejaa uchafu na chembe za chuma, nayo huharakisha kifo cha moteri.

7. Mafuta machafu

Mafuta machafu usiyamwage shambani wala mtoni. Huua udongo, na maji ya kijito huteremka mpaka Lualaba, ambamo watu huchota na kuvua. Usiyapake kwenye kidonda, wala usiyaweke karibu na chakula. Yatie katika dumu lenye kifuniko, uyapeleke kwa garaji inayoyapokea.

Maswali

1. Kwa nini tungoje dakika 10 kabla ya kupima mafuta?
2. Moshi wa buluu wafundisha nini? Na moshi mweusi?
3. Pete za pistoni zina kazi gani mbili?
4. Kamioni ya jirani yako inakula mazuti, na wenye mali wanamshitaki dereva. Utawashauri wafanye nini kwanza?